Kuanzia Hamsini Hadi Hamsini na Tisa

Barua ya kuitwa kwenye mafunzo ilikuja kwa jina la mke wangu. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akaiweka mezani, akafunika sehemu ya jina kwa kiganja kama mtu anayeficha kidonda cha mwenzake.

"Orodha yao haijarekebishwa," alisema. "Lakini vipindi vyake unafundisha wewe. Utakwenda?"

Nikasema nitakwenda. Akaondoa kiganja, nikasoma jina, nikaikunja barua nikaitia mfukoni.

Mimi si mwalimu wa hesabu. Nina stashahada ya ualimu, na masomo niliyosomea ni Jiografia na Kiswahili. Hesabu ya kidato cha nne nilipata D, na hiyo D niliipigania. Mwenye shahada nyumbani kwetu alikuwa mke wangu. Ndugu zangu walipenda kutania kwamba nimeoa mwalimu wangu, naye alikuwa akiwajibu kwamba mwanafunzi mwenyewe ni mzito na hajalipa ada. Kila mwaka alikuwa anaitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Alirudi kutoka huko amechoka, vidole vimekakamaa, na hasemi hata neno moja la aliyoyaona. Hata mimi mumewe hakuwahi kuniambia.

Alifariki katikati ya muhula baada ya kuumwa kwa muda mrefu. Shule ikabaki na mwalimu mmoja wa hesabu kwa vidato vyote vinne. Mkuu akaniomba nishike kidato cha tatu na cha nne kwa muda tu, hadi aletwe mwingine. Mwingine hakuletwa, na sasa ilikuwa inakaribia miaka miwili. Ndani ya dawati la mke wangu nilikuta madaftari manne makubwa yaliyofunikwa kwa karatasi ya kaki, kila kidato na daftari lake. Hayo ndiyo yalinifundisha. Jioni nilisoma ukurasa, asubuhi nikaufundisha. Pembeni mwa maswali alikuwa ameandika maneno ya kujikumbusha mwenyewe: "Hapa watacheka. Waache wacheke, kisha rudia." "Hapa usiende haraka, utawapoteza wa nyuma." Nilikuwa nafanya hivyohivyo. Walipocheka niliwaacha wacheke. Wapo watu huenda makaburini kuongea na wafu wao. Mimi nilikuwa na kidato cha tatu, vipindi sita kwa wiki.

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, katika ukumbi wa shule moja upande wa Nyegezi. Tulikuwa walimu wa hesabu wapatao thelathini kutoka shule za mjini na za ng'ambo, wengine wamekuja na kivuko kutoka Ukerewe, wengine wametoka Magu na Sengerema. Madirisha ya ukumbi yalitazama ziwa. Asubuhi ya kwanza upepo uliingiza vijidudu vya ziwani vingi kama moshi, tukakaa tukivifuta kwenye daftari hadi jua lilipopanda.

Kama ilivyo desturi ya semina zote, kabla ya jambo lolote tulichagua uongozi: mwenyekiti, kiongozi wa sala, na mtunza muda, ambaye alikuwa na filimbi na aliipenda kupita kiasi. Tukapanga pia nani atatoa marejeo ya kila siku, yaani mtu anasimama asubuhi kwa dakika tano na kueleza tulichojifunza jana, ili aliyelala kipindi cha mchana asiachwe.

Mwezeshaji wetu alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa raba nyeupe na gauni la kitenge. Tulimwita Madam. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Sikuja kuwafundisha hesabu. Mnazijua. Nimekuja kuwaangalia mnavyofundisha."

Njia yake ilikuwa moja. Kila mwalimu alitakiwa kusimama mbele kwa robo saa na kufundisha somo kwa kutumia notisi zake mwenyewe, zile anazotumia darasani. Wengine tuliobaki tuligeuka wanafunzi. Watu wazima tulinyoosha vidole, tukaomba kwenda chooni, tukasingizia kwamba jirani ametuibia kalamu. Baada ya kila somo tulisema kilichokuwa kizuri na kilichopungua, kisha tukampigia aliyefundisha makofi ya kilo: moja, mbili, tatu.

Zamu yangu ilikuwa siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana. Nilichagua takwimu kwa sababu ndiyo mada niliyojiona naiweza. Nilichora jedwali la alama za mtihani zilizopangwa katika makundi: arobaini hadi arobaini na tisa, hamsini hadi hamsini na tisa, na kuendelea. Ili uipate alama ya katikati ya darasa zima, lazima kwanza ujue kundi moja lina alama ngapi ndani yake. Nikaandika ubaoni: hamsini na tisa kutoa hamsini ni tisa. Nikaendelea na hiyo tisa hadi mwisho, nikapata jibu, nikalipigia mstari chini.

Hakuna aliyenikatiza. Nilipogeuka niliona watu wengi wanatazama madaftari yao.

Madam hakusema nimekosea. Alichukua karatasi kumi, akaandika namba kubwa kwa kalamu nene, kuanzia hamsini hadi hamsini na tisa, akawaita walimu kumi mbele na kumpa kila mmoja yake aishike kifuani.

"Mwalimu," akaniambia, "hili ndilo kundi lako. Hesabu watu."

Nikahesabu. Walikuwa kumi.

"Wewe umesema ni tisa. Basi mwambie mmoja akakae."

Mwenye namba hamsini na tisa alikuwa mwalimu mnene wa Sengerema. Akaikumbatia karatasi yake. "Msinitazame mimi jamani! Mimi asubuhi nimekula chapati tatu, nawezaje kuwa sipo?"

"Atoke hamsini," mwingine akapaza sauti kutoka nyuma. "Huyo ndiye aliyetolewa ubaoni!"

"Nitoke wapi? Mimi ndiye niliyefungua kundi!" akasema hamsini, dada mmoja wa shule ya mjini. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka kidogo, maana nilikuwa nimeelewa. Kutoka hamsini hadi hamsini na tisa kuna hatua tisa, lakini waliosimama ni kumi. Mimi nilihesabu hatua nikasahau watu.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na cha kuandika. Kukosea mbele ya wenzako kunauma, kisha kunapoa. Lakini Madam alitaka kujua kosa lilikozaliwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Hii tisa umeitoa wapi, Mwalimu? Ulifundishwa hivyo, au umeiona kwenye kitabu?"

Watu thelathini walikuwa wananitazama. Nikainua daftari la kaki.

"Ni notisi za marehemu mke wangu," nikasema. "Nafundisha kwa hizi."

Kicheko kilikufa. Dada aliyekuwa hamsini akashusha karatasi yake. Mtu akasema pole, na mwingine, na mwingine, hadi ukumbi mzima ukawa unanipa pole. Nikazipokea. Niliinamisha kichwa, nikasema asante, asanteni.

Daftarini kweli mlikuwa na tisa. Lakini tisa ile ilikuwa ya kwangu. Mke wangu alikuwa ameandika kumi kwa kalamu yake nyeusi. Wiki ya kwanza niliposhika vipindi vyake niliiona ile kumi, nikafanya hesabu ya kutoa, nikapata tisa, nikafanya tena, nikapata tisa. Nikawaza kwamba aliandika ukurasa ule akiwa tayari anaumwa na dawa zilimchanganya. Nikachukua kalamu ya bluu, nikakata kumi yake, nikaandika tisa juu. Nakumbuka hata nilivyojisikia. Nilijisikia nimemsaidia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeona kitu cha hesabu ambacho yeye hakukiona.

Na pale mbele, nilipolinyanyua daftari, sikuwa nimesahau. Nilikumbuka yote, kalamu ya bluu na siku yenyewe, kabla sijafungua mdomo. Nikasema nilichosema.

Madam alikuwa na karatasi kubwa ukutani ambayo kila siku aliongezea makosa yanayorudiarudia mashuleni. Akaandika: "Hata walimu wazoefu huacha makosa katika notisi, na wanaozirithi hufundisha makosa hayo." Hakuandika jina. Lakini alishatuambia kwamba siku ya mwisho maneno ya karatasi ile yatachapwa kwenye kijitabu na kila shule itapewa nakala, na ndani ya ukumbi ule hapakuwa na aliyekuwa hajui mwalimu mzoefu ni nani.

Chakula kilikuwa ugali na sato wa kuchemsha. Nilikuwa nimekaa peke yangu pale mzee mmoja wa Ukerewe alipokuja na sahani yake. Alikuwa mkubwa kuliko sote, amebakiza muda mfupi astaafu.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba, baba." Akaketi, akanawa, akamega tonge, akalishika bila kulila. "Mkeo nilikaa naye meza moja kwenye usahihishaji. Miaka mitatu. Sisi wazee tulikuwa tunateleza, yeye anatukamata. Anakurudishia karatasi taratibu, anasema, Baba, hebu tazama tena hapa. Hakunitia aibu hata siku moja."

Nikachokonoa ugali wangu.

"Ndiyo maana imenishangaza," akaendelea. "Tisa badala ya kumi? Yule? Basi ni ugonjwa. Ugonjwa ukimkuta mtu unachukua hata hesabu zake." Akatikisa kichwa, akanisogezea upande wa samaki wenye nyama. "Kula, baba. Usikae na njaa na msiba pamoja."

Nilikula. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimla samaki niliyepewa kwa ajili ya uongo wangu, na mezani sikusema kitu.

Jioni nilirudi nyumbani Buswelu, nikakaa kibarazani wakati bado kuna mwanga, nikafungua ukurasa ule. Ile kumi bado inasomeka vizuri chini ya mkato wangu. Alikuwa na namna yake ya kuandika sifuri, haikutani juu, kama pete iliyopasuka. Hakuwa mtu wa kulia wala kujitetea. Akituhumiwa alikuwa anasubiri ukweli uje wenyewe, nami nilikuwa nikimwambia ukweli hauna miguu. Sasa asingeweza hata kusubiri. Kilichobaki cha mke wangu katika dunia ya walimu ni kwamba hakukosea hesabu, na mimi nilikuwa nimekiuza kwa pole za watu thelathini. Siku ya tano uongo wangu ungechapwa. Nikaamua hautachapwa.

Asubuhi ya siku ya nne niliwahi. Aliyepangiwa marejeo alikuwa kijana wa Magu, mwalimu mpya. Nikamwomba zamu yake.

"Chukua kaka, chukua kabisa," akasema. "Umeniokoa. Jana mchana wote mimi nilikuwa nimelala macho wazi."

Baada ya sala nilisimama. Mtunza muda akaweka filimbi mdomoni. Nilitaja masomo ya jana moja baada ya jingine, nani alifundisha nini na tulijifunza nini, kwa sababu marejeo ni marejeo na sikutaka kuwanyima wenzangu haki yao. Nilipofika kwenye somo langu nikalifungua daftari na kulielekeza kwao.

"Jana nilisema tisa ni ya marehemu mke wangu," nikasema. "Siyo yake. Yeye aliandika kumi. Mimi ndiye niliyeikata kwa kalamu hii ya bluu, kwa kuwa niliona amekosea. Na nilipoulizwa hapa nilijua ni yangu. Nikamsingizia kwa sababu hayupo. Naomba daftari lizungushwe, kila mtu aone mwenyewe."

Nikampa aliyekuwa mbele. Daftari likaanza kupita mkono kwa mkono. Dakika tano ziliisha na filimbi haikulia.

Lilipomfikia mzee wa Ukerewe alivaa miwani, akatazama muda mrefu, kisha akasimama.

"Jana mimi nimekula samaki nikimsikitikia marehemu," akasema, na sauti yake haikuwa ya jana. "Nimesema ugonjwa ulimchukua akili. Nimesema kwa mdomo wangu huu. Na wewe umekaa hapo unatafuna."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unatafuna!"

"Ndiyo."

Akavua miwani. Nilidhani ataendelea, na nilikuwa tayari aendelee. "Haya," akasema. "Umesema. Kaa."

Sikukaa. Nikamwomba Madam abadilishe maneno ya ukutani. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba si lazima, sentensi ile haina jina, tuifute tu tuendelee na ratiba. Nikakataa. Nikasema kosa lipo na linafaa kuandikwa, ila liandikwe kwa mwenyewe. Madam akafungua kalamu nene, akanitazama.

"Tuandike nini?"

"Andika kwamba mwalimu alisahihisha jambo asilolielewa badala ya kuuliza."

Akaandika hivyohivyo. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Na kwa nini hukuuliza?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Niliyekuwa namuuliza," nikasema, "ndiye aliyekuwa ameandika."

Mzee wa Ukerewe akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaja hadi nilipo, akaniambia nimtajie namba yangu. "Kuanzia leo utaniuliza mimi," akasema. "Nimestaafu sijastaafu, uniulize. Ukiniona napiga miayo usijali." Bado alikuwa amekasirika. Namba aliiingiza kwa kubonyeza kwa nguvu, kama anayeua siafu.

Lakini pale ukumbini sikusema yote, na hili naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Nilipoanza kufundisha ile tisa, darasani palikuwa na msichana aliyekuwa anakaa dirishani. Darasa lile lilikuwa limefundishwa takwimu na mke wangu mwenyewe kabla hajazidiwa, nami nilikuwa narudia tu. Wanafunzi nao walimwita mke wangu Madam. Yule msichana alinyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, Madam alituambia ni kumi." Nikamjibu, mbele ya wenzake wote, "Madam alikuwa anaumwa." Akashusha mkono. Darasa likaandika tisa. Wakaenda nayo hadi kidato cha nne, wakafanya mtihani wa taifa, wakatawanyika.

Shule zilipofunguliwa nilianza na walio mikononi mwangu. Niliwasimamisha kumi mbele kama alivyofanya Madam wa mafunzo, wakacheka, nikawaacha wacheke. Niliwaambia nani alikosea. Mmoja akanung'unika, "Mwalimu, sasa mazoezi yote ya nyuma?" Nikamwambia yote ya nyuma. Tuliyarudia kwa wiki mbili, na Jumamosi.

Kisha nikamtafuta yule msichana. Niliambiwa anamsaidia shangazi yake kuuza vitenge kwenye soko la katikati ya mji, pale Nyamagana, akisubiri nafasi ya chuo. Nilimkuta amepanda kwenye stuli anaangua vitambaa vya juu kwa mti mrefu. Aliponiona akashuka haraka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Unatafuta kitenge?"

Nikamwambia sikuja kununua. Nikamwambia nilichokuja kusema, nimesimama katikati ya njia watu wakinipita na mizigo: kwamba siku ile alikuwa sahihi, kwamba mke wangu hakukosea wala kuchanganywa na dawa, kwamba aliyekosea ni mimi.

"Najua, Mwalimu," akasema.

"Unajua?"

"Kwenye mtihani niliandika kumi."

Nikamwuliza kwa nini hakurudi kuniambia. Alikunja kitenge kilichokuwa mikononi mwake, akalinganisha pembe na pembe.

"Nilikuambia mara moja," akasema. "Halafu ulivyojibu, nikaona nikirudia nitakuumiza."

Shangazi yake alikuwa ametutazama muda wote akiwa na mteja. "Mwalimu, karibu ukae basi," akaita. "Umesimama kama mgambo." Nikashukuru, nikasema nina haraka. Nikamwuliza msichana wenzake wako wapi. Alianza kuwataja na mimi nikawa naandika nyuma ya barua ya mafunzo, ambayo bado ilikuwa mfukoni: mmoja amerudi kwao Misungwi, wawili wako chuo, mmoja ameolewa Buswelu hukohuko karibu na kwangu, mmoja anaendesha bajaji stendi ya Nyegezi.

"Huyo wa bajaji hata takwimu hakuigusa," akasema, akatabasamu. "Alisema anaruka hilo swali."

"Hata hivyo," nikasema.

Jua lilikuwa bado juu. Nikavuka barabara kwenda kutafuta gari la Nyegezi.